Udongo Usikaushwe

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimeomba ruhusa ya kufanya utafiti na profesa mwingine, nikajisikia kama mke anayeomba kwenda kulala kwao. Nilisimama muda wote. Hakuniambia niketi. Msimamizi wangu, ambaye wanafunzi wote tunamwita Mzee Oveni kwa kuwa hakuna udongo uliowahi kuingia kwenye maabara yake ukabaki na unyevu, alikuwa akisaini barua za watu. Nikamweleza kwamba sura ya tatu ya tasnifu yangu inahusu vijidudu vya udongoni, kwamba yeye ni mtu wa madini, kwamba ghorofa ya tatu yupo profesa anayevijua vijidudu na amekubali kunisaidia, na kwamba Mzee mwenyewe ndiye atakayebaki kuwa msimamizi wangu. Yote yamo kwenye pendekezo langu la utafiti, nikamwambia, lile ulilolisaini mwaka jana.

"Nalijua pendekezo lako," akasema, macho bado kwenye barua.

"Kwa hiyo naweza…"

"Nenda, binti, nenda. Ila ukishiba huko, usiniletee vyombo nioshe."

Watu wawili waliokuwa wakisubiri zamu mlangoni wakacheka. Nami nikacheka. Mpaka sasa hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilicheka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepanda ghorofa ya tatu rasmi. Mwenye maabara ni mwanamke mfupi, mwepesi, anayeongea huku anaondoka. Mama Vijidudu, ndivyo tunavyomwita, na anajua, na anapenda. Aliponiona mlangoni akawaambia wanafunzi wake, "Haya, hatimaye mmoja katoroka!"

"Sijatoroka, Profesa. Nimeruhusiwa."

"Wote huanza hivyohivyo."

Nimeshangaa jinsi nyumba mbili za jengo moja zinavyoishi. Chini oveni haizimwi. Udongo wowote unaotoka shambani huingizwa mle kabla mtu hajauliza ni wa nani. Ni adabu ya pale, kama kumwanulia jirani nguo mvua inapoanza. Huwezi kupima madini kwenye tope, kwa hiyo anayekukaushia amekufaa. Juu ni baridi tupu: glavu, barafu, friza zinazonguruma. Huko unyevu ndio uhai, na atakayekausha udongo ni muuaji.

"Yule mzee wako bado anapika?" Mama Vijidudu akaniuliza. Chumba kizima kikacheka. Safari hii sikucheka, nikajisifu moyoni. Halafu nilipokuwa nikishuka nikagundua kwamba nimejikuta namtetea mtu asiyejua hata jina la mada yangu, na sifa zote zikaniishia.

Niandike ninachotafuta, nisije nikakisahau kwa kelele zao. Wakati wa kiangazi vijidudu vya udongoni hulala kama wafu. Mvua ya kwanza ikigusa ardhi kavu huamka wote kwa mkupuo, wakala, wakapumua, wakaachia chakula cha mimea kwa wingi kuliko siku nyingine zote za msimu. Nataka kuushika udongo huo saa chache baada ya mvua hiyo, ukiwa bado hai, niuweke kwenye baridi, niupime. Mvua ya kwanza ni moja. Nikiikosa, nakaa mwaka mzima kuingoja nyingine.

Jumapili, 12 Oktoba

Mama kapiga simu. Kamaliza kulima, anangoja mvua. "Hao maprofesa wako wawili hawawezi kuileta?" Nikamwambia hawawezi hata kusalimiana.

Jumatano, 15 Oktoba

Meza yangu ya chini kapewa mwanafunzi mpya. Aliyenipa habari ni Kaka Mizani, mkongwe wetu wa uzamivu, anayepima kila kitu mpaka sukari ya chai yake.

"Si umehamia juu, dada?"

"Nani kasema nimehama?"

"Hakuna aliyesema. Tuliona tu umepungua."

Juu nako kila mtu ana msumari wake wa kutundika koti, na jina juu yake. Wangu umeandikwa MGENI. Leo koti langu limeshinda kwenye ukingo wa ngazi, katikati ya nyumba zangu mbili.

Ijumaa, 17 Oktoba

Joto. Mvua hakuna.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mawingu yamekuja, yametuangalia, yameondoka.

Mama Vijidudu kanishika mkono kwenye korido, akaniuliza kwa upole kama nimesikia Mzee Oveni anasema nini kuhusu chumba kile kilicho wazi ghorofa ya pili. Wote wawili wanakitaka. Nikasema sijasikia. "Basi tega sikio kidogo, mwanangu." Nikashuka chini, na yule mwingine, ambaye hajaniita ofisini tangu nipande, akaniita. "Huko juu wanasemaje kuhusu kile chumba?"

Nilidhani nimeomba walimu wawili. Kumbe nimeajiriwa umbea mara mbili.

Alhamisi, 23 Oktoba

Imenyesha! Mchana, ghafla, matone makubwa yanayonuka vumbi. Nilikuwa shamba la majaribio kabla hayajakoma, viatu mkononi. Nimechota ploti zote, mifuko imeandikwa, barafu juu na chini. Nimelowa mpaka mifupa na sijawahi kuwa na furaha kama hii tangu nianze shule hii.

Nikapanda mbio ghorofa ya tatu. Mama Vijidudu akafungua friza, akafunga. "Leo haiwezekani, imejaa. Huyu binti wangu wa uzamivu ana mzigo wake humu. Uje nazo kesho asubuhi."

"Usiku huu nizilaze wapi, Profesa?"

"Kwani chini hamna friji? Au nayo mnapikia?"

Nikashuka. Nimeziweka kwenye friji ndogo ya chini, rafu ya juu, mifuko imefungwa vizuri. Kesho mapema.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimekuja asubuhi na kisanduku changu cha barafu, nikafungua friji, rafu tupu. Wazo la kwanza likawa wezi. Nani aibe tope? Halafu nikasikia harufu. Ni harufu ya chini ile ya kila siku, ya udongo unaoungua taratibu, ambayo nimeizoea kiasi cha kutoisikia. Nikageuka nikaitazama oveni na nikajua kabla sijaigusa.

Ulikuwa humo. Umetandazwa kwenye trei kwa mkono wa mtu anayejua kazi, mwembamba, sawasawa, kila trei na lebo yake iliyonakiliwa kutoka kwenye mifuko yangu bila kosa. Digrii mia moja na tano. Rangi yote ya mvua imeutoka, umekuwa majivu. Nikashika trei bila kitambaa. Vidole vimetoka malengelenge.

"Nani?"

"Nani nini?" Kaka Mizani alikuwa pekee chumbani, kijiko mkononi.

"Nani kauingiza udongo wangu humu?"

"Dada, punguza sauti. Mizani inasoma pumzi zako."

Basi nikamwambia. Nilimwambia yote, mengine sikujua kama ninayo. Kwamba ameganda hapa akipima udongo wa watu kwa kuwa hana swali lake mwenyewe. Kwamba amekuwa fagio la mzee, anafagia anakoelekezwa. Kwamba ametumwa. Kwamba kama hakutumwa ni kijicho, kwa sababu mimi nimethubutu kupanda ngazi ambazo yeye anaziogopa.

Akaweka kijiko chini polepole. "Umemaliza?"

"Bado."

"Basi kamalizie nje. Nina gramu mbili hapa, na nimezihangaikia tangu jana."

Nimekaa kwenye ngazi kuandika haya. Watu wananipita. Mmoja kaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Imenyesha mchana kutwa. Kila mtu anashukuru.

Jumatatu, 27 Oktoba

Kaka Mizani alinisubiri langoni. Hakusalimu. "Siku ile nilifika maabara dakika chache tu kabla yako. Nilikuta trei zimo. Kaulize ofisini," akasema, akaenda zake.

Nikaenda ofisini. Safari hii niliketi bila kuambiwa.

Mzee Oveni akanitazama, na sijui niiandikeje hii, alikuwa na furaha. "Umeona trei zako?"

"Ni wewe?"

"Nani mwingine? Nilikuja alfajiri kutafuta maziwa ya chai, nikakuta udongo wa mwanafunzi wangu umelala mbichi kwenye friji kama mboga. Nikasema huyu binti mvua imemzidi, amechoka, amesahau. Nikavua koti. Unajua miaka mingapi sijashika trei? Nimezitandaza mwenyewe. Nimekuandikia na lebo."

Nilikuja na maneno ya kumuua. Nilikuwa nimeyapanga tangu Ijumaa. Nikamwona alivyonyoosha mikono yake mezani, kama mtoto anayeonyesha kwamba amenawa, na nikaelewa kwamba hakukuwa na njama. Kama angekuwa amenihujumu, angalau angekuwa anajua ninafanya nini.

"Profesa, pendekezo langu linasema udongo usikaushwe."

"Nalijua pendekezo lako."

"Mada yangu ni nini?"

Akachukua kalamu, akairudisha. "Ni rutuba," akasema.

Kila mtu hapa angeweza kusema rutuba. Mlinzi wa getini angesema rutuba.

Akakohoa, akarudi kuwa mkubwa. Akanieleza kwamba hakuna kilichoharibika: niifute sura ya tatu, niweke madini, udongo si uko tayari na umekauka vizuri, jina la yule wa juu liondoke, namaliza na wenzangu. "Nakutakia mema, binti." Najua ananitakia mema, na sina la kufanya na mema ya mtu ambaye hajui natafuta nini.

Nikapanda juu. Mama Vijidudu hakushangaa hata kidogo, akanikalisha, akanimiminia chai. "Nilijua. Hivi ndivyo alivyo. Sasa sikiliza. Andika barua kwa mkuu wa idara, sema kachoma sampuli zako kwa makusudi. Mimi nitakuhamishia kwangu."

"Hakukusudia, Profesa. Alidhani ananisaidia."

"Wewe andika makusudi."

"Na ile friza ingekuwa na nafasi siku ile, tusingefika hapa."

Akaacha kumimina. "Usinichanganye mimi na yule," akasema.

Sitamwandikia barua yake. Na sitaifuta sura yangu. Nimeteremka nikiwa sina kwa huyu wala kwa yule, na niseme kweli, hasira ilinishika mkono kama rafiki.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimemwomba Kaka Mizani msamaha mbele ya watu, kwa kuwa nilimtukana tukiwa wawili tu lakini ukuta ulisikia. Akasema, "Hilo la kukosa swali langu mwenyewe lilikuwa kweli. Mengine nimesamehe."

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Mama anasema mahindi yameota mistari yote, hakuna pengo. Anaimba kwenye simu.

Alhamisi, 6 Novemba

Kuna njia moja. Nimeisoma, nimeihakikisha. Mvua ikikatika katikati ya msimu, udongo ukakauka tena mpaka ndani, vijidudu hulala tena, na mvua itakayofuata huwaamsha kama ile ya kwanza. Ninachohitaji ni ukame. Si mrefu. Wa kutosha tu.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua.

Jumatano, 12 Novemba

Manyunyu. Nimeyatukana kwa sauti nikiwa kituoni, mama mmoja akavuta mtoto wake upande wa pili.

Jumatatu, 17 Novemba

Jua siku kadhaa sasa. Nimetia kidole kwenye ploti: juu vumbi, ndani bado pabaridi. Endelea, nikaliambia.

Jumapili, 23 Novemba

Mama kapiga. Majani ya mahindi yamejikunja kama sigara. "Tuombeane, mwanangu."

Ningeweza kusema amina. Nilishasema amina Jumapili iliyopita na nikashindwa kula. Leo nikamwambia ukweli: kwamba nangoja ukavu, kwamba kila siku ya jua kwangu ni hatua, kwamba naamka nachungulia dirishani na nikikuta mbingu nyeupe nafurahi.

Nikamsikia anahema. Nyuma yake ng'ombe wa mtu analia.

"Niko shambani," akasema. "Nimesimama katikati ya haya mahindi. Usiniambie tena kitu kama hicho nikiwa nimesimama hapa."

Akakata.

Dada yangu, ninayeishi kwake, alisikia yote kutoka jikoni. "Hukuweza kunyamaza?"

"Nimechoka kuwa mtu wa kucheka na kuitikia."

"Basi ungemchagulia mtu mwingine wa kumwanzia, siyo mama."

Kasema kweli. Walio na deni la ukali wangu wana ofisi na milango, na mimi nimempiga aliyesimama kwenye jua kali.

Jumatatu, 24 Novemba

Jua.

Ijumaa, 28 Novemba

Kidole kimeingia mpaka kifundo. Vumbi mpaka ndani. Sikufurahi. Sikuhuzunika pia. Nilisimama tu kwenye ploti zangu nikiwachukia watu wawili ambao saa ile walikuwa, nina hakika, wanagombania chumba.

Jumanne, 2 Desemba

Imenyesha asubuhi. Kaka Mizani alikuja bila kuitwa, akanishikia mwavuli, akaandika lebo huku mimi nachota. Hakupima chochote. Tulipomaliza akauliza, "Tunazipeleka chini au juu?"

Nikasema, "Nyumbani."

Dada alitazama mifuko, akanitazama mimi, akafungua friza yake na kuanza kutoa vitu. Shemeji kafika mchana, akaganda mlangoni.

"Hii nyama yangu inaenda wapi?"

"Kwa jirani, mpaka tutakapoambiwa," dada akamjibu.

"Na hicho kinachoingia?"

"Udongo wa shemeji yako."

"Yaani nyama inatoka, tope linaingia." Akavua kofia, akaikumbatia kifuani. "Shem, mimi nimekulisha humu ndani kwa moyo mweupe. Nilidhani unasomea udaktari wa watu."

"Usiuguse tu, shemeji. Wala usiuanike."

"Niuanike? Nitauogopa kama mama mkwe!"

Nimecheka mpaka machozi. Ni mara ya kwanza tangu Oktoba kuchekeshwa na kitu badala ya kumchekea mtu.

Jumatano, 3 Desemba

Mama kapiga mwenyewe. Kule kumenyesha pia, lakini kumechelewa. Bondeni mahindi yatapona, mlimani yamekwisha. Alisema hivyo kama mtu anayesoma tangazo.

Halafu akauliza, "Ulipata udongo wako?"

"Nimeupata, mama."

"Uko wapi?"

"Kwenye friza ya dada."

Nikadhani kakata tena. "Basi sikiliza," akasema. "Najua jua halikuwaka kwa sababu yako, sijawa mjinga. Ila wewe ulilitaka na mimi nimelilipia, kwa hiyo huo udongo una mahindi yangu ndani. Usiwape hao watu burebure."

Ijumaa, 5 Desemba

Wameona mashimo kwenye ploti. Nimeitwa Jumatatu. Wote wawili watakuwepo.

Jumatatu, 8 Desemba

Niliwakuta wamekaa kwenye ofisi moja, kitu ambacho Kaka Mizani anasema hajakiona tangu aje. Mzee Oveni nyuma ya meza yake, Mama Vijidudu dirishani, kiti kitupu katikati. Nikakivuta kiti mpaka ukutani, nikakaa huko, ili wanigeukie.

"Sampuli ziko wapi?" Mzee Oveni akaanza.

"Zipo."

"Friza yangu haina kitu sasa hivi," Mama Vijidudu akasema haraka. "Rafu nzima."

"Ni mwanafunzi wangu," Mzee akasema.

"Sura ni yangu."

"Sura iko ndani ya tasnifu, na tasnifu iko chini yangu."

Wakaendelea hivyo kitambo, juu ya kichwa changu, kama ndugu wanaogawana kiwanja huku mwenye nyumba yungali hai, ameketi ukumbini. Zamani ningengoja wamalize. Nikafungua mkoba nikatoa nakala mbili za pendekezo langu. Moja nikaiweka mbele ya Mzee, moja nikampa Mama Vijidudu mkononi.

"Nini hii?" Mzee akauliza.

"Someni."

"Tutasoma. Iache hapo."

"Hapana, Profesa. Someni sasa hivi, mimi nikiwepo. Mkimaliza nitawaambia udongo ulipo, na tutakubaliana nani anafanya nini. Msiposoma, utabaki ulipo, na sura ya tatu itabaki nami hata kama ni mwaka mwingine."

"Binti," akasema Mzee, na sauti yake ikashuka kule inakoshukia kabla ya kumfukuza mtu, "unajua unaongea na nani?"

"Najua. Na mada zenu zote nazijua, zako na zake, kwa sababu nilizisoma kabla sijagonga mlango wa mtu."

Mama Vijidudu akacheka kidogo, akadhani limempiga mwenzake. Nikamtazama mpaka akaacha. Akaketi. Akafungua ukurasa wa kwanza. Mzee akamwona ameanza, na hakuwa tayari kushindwa na yeye hata kwa hilo, akatafuta miwani.

Saa ya ukutani, kurasa, watu wakipita nje. Sikuwa na huruma nao. Nilimfikiria mama yangu kati ya mahindi yake, na nikawaangalia hawa wawili wakisoma kwa mara ya kwanza kitu walichokuwa wakikigombania.

Wa kwanza kuongea alikuwa Mama Vijidudu. "Kumbe nusu yake ni madini," akasema, si kwangu, kwa karatasi.

Mzee alikuwa amechelewa nyuma, anasoma na kidole. Alifika ukurasa wa tisa, mstari wa mwisho, akasimama. Akavua miwani. Na kwa mara ya kwanza tangu aanze kunisimamia, aliniuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake.

"Hapa umeandika udongo usikaushwe kabla ya kupimwa," akasema. "Kwa nini?"

"Geuza ukurasa, Profesa," nikamwambia. "Endelea kusoma."